Kijana kaja kihambani na simu, anataka kupiga "pointi": maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu sijui mmeambiana, manake meseji karibu zote zinazunguka palepale, mikataba ya biashara huria, mazingira, tabianchi, wengine mmechanganya vyote kama makande ya jana. Nimechukua nne. Kwa mgeni wa ukurasa huu: kabla ya kuandika nilikuwa wakala wa forodha, miaka kumi na moja kati ya Holili na Namanga, kwahiyo nikiongea kama mtu wa getini mnivumilie.

Mama wa Kibosho, Moshi: Mwanangu, alikuja kijana na simu, akatembea kihambani, hili shamba letu la ukoo, mpaka mgomba wa mwisho, akarudi akasimama katikati akapiga kitu anaita pointi. Akasema bila hiyo kahawa yangu haitanunuliwa Ulaya. Mjukuu anasema huo ni mkataba wa biashara huria. Jirani anasema ndo mwanzo wa kuporwa kihamba. Na mi mwaka juzi nilikata miruka miwili, ile miti ya kivuli, iliyokuwa inaegemea nyumba, itakuwa kesi? Nimelala vibaya siku tatu.

Shikamoo mama, na pole kwa usingizi. Niseme mapema kabisa, miruka yako haina kesi na Ulaya, na pointi sio hati. Sasa tuelezane taratibu.

Mjukuu kakosea kidogo, ila sio yeye peke yake, hata kwenye redio nawasikia wanachanganya. Mkataba ni watu wamekaa mezani wakakubaliana, huyu katoa hiki yule katoa kile. Hii ya kwako ni sheria ya upande mmoja, Umoja wa Ulaya wameitunga wenyewe kwao mwaka 2023, inasema bidhaa saba haziingii sokoni kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ukafyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Kahawa ipo humo, pamoja na kakao, ng'ombe, mawese, mpira, soya na mbao. Anayeingiza kule ndo anatakiwa aonyeshe kahawa imelimwa wapi, kipande gani cha ardhi, sasa yeye yuko Hamburg na kahawa iko kwako Kibosho, ndo maana ukaona kijana na simu.

Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji pointi moja tu, yaani namba mbili za kwenye ramani. Likizidi hapo ndo linazungushiwa mpaka wote. Kihamba cha Kibosho cha kuzidi hekta 4 mi sijakiona, labda cha misheni. Zile namba mbili hazisemi kihamba ni cha nani, wala hazimpi mtu haki ya kupanda hata mchicha. Ila jirani yako usimcheke, wasiwasi wa ardhi Kilimanjaro una sababu zake, kihamba ni makaburi ya wazee wetu. Kwahiyo kijana akirudi muulize vitu viwili mbele ya mtu wa chama cha msingi: orodha hii anaitunza nani, na nakala yangu iko wapi. Akianza kung'ata maneno, mwambie arudi na katibu.

Kuhusu miruka. Msitu kwa sheria yao ni ardhi zaidi ya nusu hekta, yenye miti ya kuzidi mita 5 na kivuli cha kuzidi asilimia 10, na isiwe ardhi ambayo kazi yake kubwa ni kilimo. Kihamba ni kilimo toka enzi za babu, hata kikiwa na giza saa sita mchana. Umekata mti wako uliokuwa unaegemea bati, umeondoa hatari, hujafyeka msitu. (Vibali vya hapa nyumbani vya kukata miti ni habari nyingine, hapo muone mtendaji wa kijiji.)

Kinachoniuma mama ni hiki. Kahawa yako iko chini ya mgomba, mgomba uko chini ya mruka, mfongo wa maji unapita pembeni, na mmeishi hivo vizazi na vizazi, alafu leo wewe ndo unatakiwa kuthibitisha kwamba hujaharibu. Kupiga pointi kuna gharama, kijana analipwa, simu inanunuliwa, bando linaisha, na mwenye kulipa huko juu ataikata kwenye bei, sijawahi kuona gharama ya getini inayobaki getini. Na sheria yenyewe imeshasogezwa mbele zaidi ya mara moja baada ya watu wengi kulia kwamba hawajawa tayari. Wenye kompyuta wameongezewa muda, we umeambiwa kesho asubuhi. Hapo ningekuwa na mtu wa kumgombeza ningemgombeza.

Lakini pointi piga. Mnunuzi wa mnadani akiwa na magunia mawili mbele yake, moja linajulikana limetoka wapi na jingine halijulikani, atachukua la kwanza.

Mwanafunzi, Arusha: Kila siku napita nje ya jengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki naona bendera tu. Lekchara wetu anasema mikataba ya biashara huria inasaidia kulinda mazingira na tabianchi, rumeti wangu anasema ndo inayoua. Nani mkweli?

Dogo, waambie wote wawili wafungue mkataba wenyewe wasome vitenzi. Vitenzi tu. Hii mbinu imenilisha miaka mingi. Kwenye sura za ushuru utakuta "itaondoa", "itapunguza hadi", na nyuma kuna jedwali lenye namba ya kila bidhaa na mwaka wake, ukienda getini na jedwali lile afisa hana ujanja. Ukifika sura ya mazingira sauti inabadilika kama ya mtu aliyeombwa mkopo: zinatambua umuhimu, zinahimiza, zitajitahidi, zitashirikiana pale inapowezekana. Hakuna jedwali, hakuna tarehe, na ukikiuka mara nyingi hakuna wa kukupeleka popote.

Mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko wa 1994 ulivyoanza, mazingira karibu yote yaliwekwa kwenye makubaliano ya pembeni, kama mgeni wa harusi anayelishwa kwenye turubai la nje. Walipouandika upya ukaanza kutumika Julai 2020 ndo yakapewa sura ndani, sura ya 24, na mgogoro wake unaweza kwenda kwenye usuluhishi kama mgogoro wa magari. Miaka 26 hiyo ya kutoka turubaini kuingia ukumbini.

Majirani zetu Kenya walisaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, ukaanza Julai 1, 2024. Maua, chai na parachichi zao zinaingia Ulaya bila ushuru, wao wanafungua soko lao polepole hadi miaka 25, na humo ndani kuna ahadi zinazowabana kuhusu mazingira na tabianchi, Mkataba wa Paris, ule wa dunia wa tabianchi, ukiwemo. Kumbuka toleo la kwanza la mkataba huu lilikuwa la Jumuiya nzima, Kenya na Rwanda wakasaini 2016, sisi Tanzania tukakataa. Hoja yetu ilikuwa viwanda vyetu vitamezwa. Mazingira hata kijiweni hayakutajwa, nakumbuka nilikuwepo, tulibishana mpaka kahawa ya jamaa ikaisha kwenye dele.

Waliokwenda mbali kuliko wote ninaowajua ni New Zealand na Umoja wa Ulaya, mkataba wao umeanza Mei 1, 2024, mmoja akiukiuka vibaya Mkataba wa Paris mwenzake anaweza kumnyima nafuu za kibiashara. Hapo kitenzi kina meno. Shida ni kwamba meno yale yamewekwa kati ya watu ambao wala hawakuwa wanataka kung'atana.

Sasa njoo kwenye hilo jengo lako la bendera. Mkataba wa Jumuiya ulisainiwa hapahapa Arusha Novemba 30, 1999. Wengi wanaujua kwa habari ya ushuru na magari, ila sura ya 19 ni ya mazingira na maliasili, imekaa humo wala haina makelele. Mwaka 2010 serikali yetu ilikuwa na mpango wa barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti kuelekea Loliondo, palepale nyumbu zaidi ya milioni wanapopita wakienda na kurudi Maasai Mara. Shirika moja la kutetea wanyama la Nairobi, linaitwa ANAW, likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, hiyo ambayo iko ndani ya jengo unalopita na daftari lako mkononi. Kesi namba 9 ya 2010. Serikali ikabisha kwamba mahakama haina mamlaka, ikabishana kweli, mwisho Juni 20, 2014 majaji wa Divisheni ya Awali wakasema lami ya namna ile kupita mle ingekiuka mkataba, wakaizuia.

Hebu tulia na hilo kidogo. Hakuna mti ulioongea pale, hakuna nyumbu aliyekula kiapo. Kilichofanya kazi ni karatasi ambayo mangi wa dukani anaijua kama kitu cha kushusha ushuru wa sabuni, na kwenye karatasi ile kulikuwa na mahakama. Ungeondoa mahakama ukabakiza maneno yaleyale matamu ya sura ya 19, lami ingepita juu yake na katapila juu ya lami.

Na mlango ule sio wa mashirika peke yake. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inasema mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri, we wa Ngaramtoni ukiwemo. Ila una miezi miwili tu tangu jambo lifanyike au tangu ulijue. Miezi miwili dogo, bumu halijaingia imeshapita. Wengi wanafia hapo.

Rumeti wako naye nimpe haki yake, manake kuna kitu nimekiona kwa macho. Kenya walipiga marufuku mifuko ya rambo Agosti 28, 2017, sisi tukapiga marufuku ya kwetu Juni 1, 2019. Karibu miaka miwili katikati, soko moja, sheria mbili. Siku moja Namanga waliamuru gunia la vitunguu vya Mang'ola limwagwe chini, juu vitunguu vizuri vyekundu, katikati robota za rambo zimebanwa mpaka zimechukua harufu ya vitunguu. Mwenye mzigo kasimama kimya, utingo anaangalia juu kama anahesabu ndege. Mkiwa mmefungua geti la biashara alafu kila mtu ana sheria yake ya mazingira, uchafu unahamia kwa mwenye sheria nyepesi na unarudi kwako kwa magendo, hiyo ndo njia ambayo rumeti anaiita kuua. Lekchara naye akitaka mfano wa upande wake mpe huu: kwenye jedwali la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, paneli za sola ziko asilimia 0. Fundi anayefunga sola Monduli hajui kama kuna mstari mmoja kwenye jedwali unaomlisha. Na mwaka 2024 Costa Rica, Iceland, New Zealand na Uswisi walisaini mkataba mzima wa namna hiyo, wanaondoa ushuru kwenye bidhaa zaidi ya 300 za mazingira na kubana ruzuku za mafuta. Nchi nne ndogo, haya, tuone nani atawafuata.

Muuza mitumba, soko la Memorial, Moshi: Kaka, nimesikia hii mikataba ya tabianchi inakuja kufuta mitumba. Nina mkopo wa vikoba na mabelo mawili stoo. Niogope?

Dada, kwa mabelo mawili ya sasa usiogope.

Hiyo habari ina mzizi wa zamani na mzizi wenyewe haukuwa tabianchi. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba pole pole ili viwanda vya nguo vya hapa vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikakumbusha kwamba ina AGOA, ile sheria yake ya mwaka 2000 iliyokuwa inaziingiza bidhaa zetu kwao bila ushuru, na kwamba inaweza kuichomoa. Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda wakakaza na ushuru wao, mwaka 2018 wakasimamishiwa nafuu ya nguo. Ndo ujue AGOA sio mkataba wa biashara huria, ni zawadi, na mwenye zawadi ana haki ya kukuangalia unavyoitumia.

Kinachokuja sasa ni kingine. Ulaya wana kanuni mpya za kusafirisha taka, kuanzia Mei 2027 taka hata zisizo na sumu haziendi kwenye nchi isiyo tajiri mpaka nchi hiyo iwe imeomba na kuonyesha inaweza kuzishughulikia. Nguo inayovalika ni bidhaa, tambara ni taka. Na we unajua kuliko wao, ukikata kamba za belo zile gredi za chini za mwisho kabisa, soksi moja moja, sidiria zimekufa lastiki, shati lina doa la rangi, unazipeleka wapi? Unazichoma nyuma ya soko au unampa fundi magari afutie mikono. Ikisimamiwa vizuri, kwako itakuwa belo la bei juu kidogo lakini lenye tambara chache. Isiposimamiwa, utalipa bei ya juu na tambara utazikuta humohumo. Mkopo wa vikoba lipa kwa wakati, usiongeze belo la tatu kwa kukopa.

Dereva, njia ya Siha hadi Mombasa: Mi nabeba parachichi kwenye kontena la friji. Getini mara afya ya mimea, mara mazingira, mara cheti. Sio visingizio tu vya kuzuia biashara? Na swali la pili, foleni ikiwa ndefu wanatuambia tuzime injini tusichafue hewa, nikizima si mzigo utaoza?

Mwamba, kuna siku ni kisingizio na kuna siku ni kweli, na getini zote zinavaa sare moja.

Oktoba 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga, upande wetu, ikasemwa ni kuzuia mafua ya ndege. Mi siku hiyo nilikuwa Holili, nashukuru. Machi 2021 Kenya nao wakafunga mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, siku chache baadaye wakafungua kwa masharti ya cheti. Sumukuvu ipo na inaua watu, hiyo sio hadithi. Lakini kufunga mpaka mzima kwa barua ya jioni, wakati malori yameshapakia, hapo hata mwenye nia njema ananuka.

Kwenye Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililosainiwa Kigali 2018, itifaki ya bidhaa ibara ya 26 inaruhusu nchi kuzuia mzigo ili kulinda maisha na afya ya watu, wanyama na mimea, mradi isiwe ubaguzi au kizuizi kilichojificha. Shirika la Biashara Duniani nao wana kipengele hichohicho tangu zamani. Kwahiyo swali la kumuuliza afisa, kwa adabu na ukiwa na makaratasi mkononi, ni moja: na mzigo wa kwenu nao mnaupima hivi hivi? Kama parachichi za upande wao zinapimwa, tulia upimwe. Kama zinapita zinapiga honi, piga picha, andika namba na saa, mpe wakala wako alalamike kwa maandishi. Usigombane dirishani, utalala hapo.

Na kulala hapo nakujua. Kabla kituo cha pamoja cha Holili na Taveta hakijazinduliwa 2016 ulikuwa unagonga muhuri huku, unasogea, unaanza upya kule kama vile ndo umezaliwa. Usiku mmoja nilikaa na mzigo wa maharage mabichi, malori yamepanga mpaka giza linayameza, kila friji inavuma kivyake, ukiweka mkono kwenye bodi unasikia inatetemeka, na moshi wa dizeli umekaa chini kwa sababu hakuna upepo. Asubuhi nilikohoa cheusi. Dizeli ile yote iliungua hatujasogea hata mita moja. Kuna utafiti wa chuo cha Cranfield, Uingereza, wa 2007, ulilinganisha waridi la Kenya linalopanda ndege na la Uholanzi linalopashwa joto kwenye banda la kioo, na la Kenya ndo lilitoka na hewa ukaa ndogo, tena kwa mbali. Umbali sio kila kitu. Foleni tu inaweza kukuharibia hesabu. Toka Februari 2017 upo mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha taratibu za forodha, una kipengele kinachosema mizigo inayooza ipewe kipaumbele itolewe haraka. Kitenzi chake ni kizuri kabisa. Mwombe wakala wako akitaje kwa jina.

Swali la pili ni jepesi. Friji ya kontena ina injini yake ama inalishwa na jenereta yake yenye tenki lake, haitegemei injini ya kichwa. Zima kichwa, friji iache ivume, joto liwe lilelile aliloandika mwenye mzigo, wala usiongeze baridi ukidhani unasaidia, parachichi linaungua kwa baridi pia. Mlango usiufungue kuonyesha washkaji. Na tenki la friji angalia geji yake kabla hujatoka Himo.